Walipongojana Kituoni

Ghala lilifurika watu. Katikati yake mafundi walikuwa wamejenga kituo kizima cha mbao, chenye ukubwa uleule wa kituo halisi, na pembeni wakaegesha basi refu. Watu wa mtaani waliitwa waje kuigiza abiria, ili wenye mradi wa mabasi yaendayo haraka wajue milango iwe mipana kiasi gani na jukwaa libebe watu wangapi.

"Wewe mwenye shati la manjano," sauti ya kike ikatoka kwenye kipaza sauti, "mbona hupandi?"

Mwanamume mmoja mrefu akageuka. "Nawapisha wenye haraka."

"Humu hakuna mwenye haraka, wote mnaigiza. Panda."

"Huyu mama kabeba mtoto."

"Huyo mtoto ni mto wa kulalia, ndugu yangu. Tumeuviringishia shuka."

Ghala zima likacheka. Msemaji akashuka kutoka juu ya meza: mhandisi, mwanamke wa kimo cha kati, suruali ya kaki, kofia ngumu kichwani, penseli sikioni, na viatu vyekundu ambavyo havikuwa vya kazi hata kidogo. Mwenye shati la manjano akasahau kupanda kwa mara ya pili.

Wakati wa mapumziko alimpelekea maji. "Nimekuharibia hesabu."

"Umeniharibia asubuhi nzima. Kwani kazi yako ni kupisha watu?"

"Natibu meno. Kwangu kila mtu anampisha mwenzake aingie kwanza."

Mhandisi alicheka hadi kofia ikamteleza. Daktari aliyaona meno yake, akajionea haya kwamba ndiyo aliyoyatazama kwanza, kisha akamtazama machoni na haya zikazidi.

Wakawa watu wa simu.

"Laazizi, uko wapi?"

"Kazini, nahesabu watu."

"Na mimi umenihesabu?"

"Wewe umeziba mlango. Hapandi mwingine."

Miezi ikapita, kituo cha kweli kikafunguliwa. Kilikuwa cha kwanza kuchorwa na Mhandisi mwenyewe, na alikipenda kama mzaliwa wa kwanza. Kilikuwa na majukwaa mawili, moja la mabasi yanayotoka mjini, jingine la yale yanayokwenda mjini, na njia mbili za mabasi katikati. Mabenchi aliyaondoa kwa sababu yalikula nafasi. Kati ya njia hizo mbili za mabasi aliweka ukuta mrefu wa mabango ya matangazo. Watu walipita kama maji kwenye mfereji, na mkuu wake wa kazi akampa mkono mbele ya wenzake.

"Mama anataka kukuona," Daktari akamwambia wiki hiyohiyo. "Jumamosi nitamleta, twende tukale pamoja."

"Nitawangoja palepale mtakaposhukia."

Jumamosi alivaa gauni la kijani lililomkaa barabara, akatia hereni, akasimama kwenye jukwaa la mabasi yanayotoka mjini, kwa kuwa kliniki ya Daktari iko mjini. Basi likaja, likaondoka. Likaja jingine. Akapiga simu, ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena na tena. Mwisho akarudi nyumbani, wanja umemchuruzika mashavuni.

Jioni simu yake ikalia.

"Niliisahau simu kliniki," Daktari akasema kwa sauti kavu. "Lakini wewe ulikuwa wapi? Mama yangu kasimama mpaka goti limevimba."

"Mimi niulizwe nilikuwa wapi? Nilikuwa kituoni."

"Usinidanganye. Kituoni nilikuwapo mimi."

"Basi kama mimi ni mwongo, tafuta mkweli mwenzako." Akakata.

Kila mmoja akavimba kwake. Daktari aling'oa meno kimyakimya, bila ule utani wa kuwasahaulisha wagonjwa uoga. Mhandisi alizidisha kazi, na kila simu ilipolia aliirukia, kisha akakasirika kuona ni fundi wa taa.

Asubuhi moja alisimama kwenye daraja la waenda kwa miguu, juu ya kituo chake, akitazama watu wanavyoshuka. Chini yake mwanamume mmoja alikuwa akifoka kwenye simu: "Nipo hapahapa kituoni, wewe ndiye hupo." Ng'ambo ya mabango, mwanamke mwenye sanduku naye alikuwa na simu sikioni, akiapa kwamba amefika zamani. Walipeana migongo, ukuta katikati.

Mhandisi akashuka ngazi, akamshika yule bwana mkono, akamwonyesha njia ya kwenda upande wa pili. Kisha akapanda basi la kwenda mjini.

Kliniki aliingia bila kubisha. Daktari alikuwa ameinama juu ya bwana mmoja mnene aliyeachama kinywa.

"Jumamosi ile mlitokea wapi?"

"Nina mgonjwa."

"Nijibu tu."

"Nyumbani kwa mama. Nilipita kumchukua kwanza."

"Basi mlishukia upande wa pili. Mimi nilikuwa upande wa mabasi yanayotoka mjini. Katikati yetu ni ule ukuta, na ukuta nimeuchora mimi."

Daktari akaweka kifaa chini taratibu. "Nilikuita mwongo."

"Mimi nilikuita mabaya zaidi, ila hukusikia."

Mgonjwa akatoa pamba mdomoni. "Msameheane, Daktari. Ganzi inaniisha."

Jumapili Mhandisi akapelekwa kwa mama. Mama alimpokea amekaa, mguu juu ya kigoda.

"Kumbe ndiye wewe uliyetoa mabenchi."

"Ndiye mimi, mama. Nisamehe."

"Goti langu linakujua vizuri. Karibu, sasa na macho yakujue."

Kazini haikuwa rahisi hivyo. "Kituo si sebule," mkuu wake alisema. "Benchi moja linakula nafasi ya watu sita." Mhandisi hakubishana; alichora upya. Alisogeza malango ya tiketi nje kidogo, jukwaa likapata upana, mabenchi membamba yakaenea. Mabango akayabadilisha kwa vioo. Mkuu alikagua hesabu, akakuna kidevu, akatia sahihi.

Siku vioo vilipowekwa, Daktari alimleta mama kuona. Walishukia upande wao, mama akakaa. Kupitia kioo wakamwona mhandisi ng'ambo, akiwaelekeza mafundi. Daktari akapiga simu.

"Nakuona," akasema.

"Na mimi nakuona. Umependeza."

"Nimechoka kukungoja vituoni, laazizi. Nataka nikungoje nyumbani. Utakubali kuolewa na mimi?"

Basi likaingia katikati, likamfunika. Simu ikakatika. Lilipoondoka, ng'ambo hapakuwa na mtu ila mafundi.

"Amekimbia?" mama akauliza.

"Sijui, mama."

Ngazi za daraja zikasikika. Mhandisi akashuka mbiombio, viatu mkononi, pumzi juujuu.

"Jambo kama hilo," akasema, "halijibiwi kwa simu."

"Basi jibu."

"Ndiyo. Nimekubali."

Daktari akamkumbatia palepale mlangoni mwa jukwaa, abiria wakaanza kubanana nyuma yao. Mama akasogea kidogo kwenye benchi.

"Njooni mkae huku, wanangu," akasema. "Mnaziba njia."