Kijiko cha Githeri

Haya aliniambia Wamucii mwenyewe, Jumapili iliyopita baada ya ibada, tukichambua maharagwe jikoni kwangu. Alikuwa akicheka, lakini siku yenyewe hakucheka.

Ilikuwa wakati wa likizo. Nduta, msichana wa gredi ya sita, alikuwa akiosha vyombo katika chumba walichopanga Majengo, Nyeri. Mama yake alikuwa ameenda kuuza kabeji Karatina. Shangazi yake, Wamucii, alikuja kusaidia kwa sababu Mwai, mdogo wake Nduta ambaye hajafikisha miaka miwili, alikuwa na homa.

Saa ya dawa ilifika. Chupa iliandikwa mililita tano, lakini kikombe kidogo cha kupimia Mwai alikuwa amekitafuna hadi kikapasuka. Wamucii akachukua kijiko. Katika nyumba ile sukari hutiwa sufuriani pamoja na maziwa na majani ya chai, kwa hivyo vijiko vidogo havikuwa na kazi. Kilichokuwepo ni kile cha kulia githeri, mahindi na maharagwe.

Nduta akainyakua chupa, akaificha mgongoni.

"Hicho ni kikubwa, Tata," akamwambia shangazi yake. "Simpi na hicho."

"Kijiko ni kijiko. Leta hapa."

"Sileti."

Wamucii akamuuliza amekuwa daktari lini, ilhali yeye amelea watoto watano kwa kijiko hichohicho na wote wana meno. Akatishia kuchukua mwiko. Nduta hakuitoa chupa. Mwai alilia kitandani, amewaka kama jiko.

Juu ya kabati kulikuwa na chupa tupu ya dawa ya namna ileile, ya mililita sitini. Nduta akaisuuza, akaiweka mezani pamoja na bakuli la maji.

"Mimina wewe, Tata. Tano mara kumi na mbili ni sitini. Ikijaa kwa vijiko kumi na viwili, nitakuomba msamaha nimepiga magoti."

Wamucii akamimina kwa hasira. Kijiko cha nne kilipoingia, maji yakafika shingoni. Akasema mkono wake uliteleza. Akamwaga, akaanza upya, polepole. Vinne tena.

"Sitini ukigawanya kwa nne ni kumi na tano," Nduta akasema. "Ungempa dawa ya mara tatu."

Wamucii akaketi. Kisha akajifunga leso, akaenda duka la dawa karibu na msikiti, akarudi na bomba la plastiki lisilo na sindano, lenye alama za mililita. Muuzaji alikuwa amemweleza kwamba dawa ya homa ikizidi huharibu ini la mtoto. Nduta akavuta hadi alama ya tano, Mwai akanywa.

Mama aliporudi jioni, Wamucii alimweleza yote bila kuficha, kisha akamgeukia Nduta.

"Kunibishia si tabia nzuri. Lakini leo hukunibishia kwa mdomo tu, ulinipimia. Mambo ya dawa usikubali kukisia kwa mtu yeyote, hata kama ni mimi."

"Hata kwako wewe sikukubali," Nduta akajibu, na mama akakohoa kuficha kicheko.

Homa ilishuka. Mwai alilala, kisha Nduta, kisha mama na uchovu wake wa soko. Wamucii alibaki ameketi, kiganja juu ya paji la uso la mtoto, hadi naye kichwa kikainama, akalala.