Kilengeo cha Shanga Tano

Kengele ya mwisho ilipolia, wanafunzi wengine walikimbilia getini, lakini wanachama wa klabu ya upinde walikimbilia stoo. Kabla ya kurusha mshale hata mmoja, kulikuwa na kazi. Walitoa robota za majani makavu, wakazipanga mbele ya ukuta wa magunia ya mchanga, wakabandika karatasi zenye miduara ya rangi, kisha wakafunga kamba nyekundu ili mtu asipite nyuma. Mwenye zamu ya bisibisi ndiye aliyemaliza. Alipita upinde kwa upinde akikaza skrubu zote, maana mshale ukitoka upinde hutikisika, na skrubu haina akili, hulegea tu.

Wiki ile zamu ilikuwa ya Kobe. Aliitwa Kobe kwa sababu alivuta upinde polepole mno hadi wenzake wakapiga miayo. Rafiki yake mkubwa, msichana wa miaka kumi na miwili, aliitwa Chiriku, na hakuna aliyehitaji kuuliza sababu. Msichana huyo aliongea akila, aliongea akitembea na, kwa ushahidi wa mama yake, aliongea akilala. Lakini kwa miezi minne sasa kulikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia mtu yeyote. Chiriku alikuwa haoni mbali.

Maandishi ya ubaoni yalikuwa yamegeuka ukungu, hivyo alinakili kutoka kwenye daftari la Kobe. Kila asubuhi, kabla ya kupiga mswaki, alisimama dirishani na kujipima kwa bango la kinyozi lililokuwa ng'ambo ya barabara. Mwanzoni mwa mwaka alilisoma lote. Sasa alikuwa amebaki na herufi ya kwanza tu, na hiyo nayo ni kwa sababu alikuwa anaijua.

Kwa nini hakusema? Kwa sababu ya bibi yake. Bibi, mama yake mama, aliishi nao na alikuwa kipofu. Hakuzaliwa hivyo. Siku moja Chiriku alimsikia mama akimwambia jirani, "Mama yangu alianza kupoteza macho kidogo kidogo. Tena haya mambo ya macho hutembea kwenye ukoo." Jirani alisikitika, wakahamia kwenye habari nyingine. Chiriku hakuhama. Aliamini kwamba zamu yake imefika, na kwamba siku atakayolisema jambo hilo ndiyo siku litakayokuwa kweli.

Mama, aliyekuwa fundi cherehani, hakushuku kitu. Kila jioni alimpa uzi na sindano akisema, "Nitungie, mwanangu. Wewe ndiye mwenye macho nyumba hii." Chiriku alitunga mara moja, kwani vitu vya karibu aliviona vizuri kabisa. Sifa ile ilimchoma kuliko sindano yenyewe.

Sasa, wiki mbili kabla ya mashindano ya shule, mwalimu wa michezo alikuja uwanjani na boksi. Kaka wa mwalimu mkuu alikuwa mwindaji kwa miaka mingi, na baada ya kustaafu aliamua kuwapa watoto vifaa vyake.

"Hivi vinaitwa vilengeo," mwalimu alisema, akivipanga mezani. "Kilengeo hufungwa kwenye upinde, juu ya mshiko. Unachungulia hapa, unaweka alama yake juu ya shabaha, unaachia mshale. Kila mtu achague kinachomfaa, si kinachompendeza. Mkishachagua, hakuna kubadilisha hadi mashindano yaishe."

Kulikuwa na aina mbili. Aina ya kwanza ilikuwa na pini moja nyembamba, ambayo ilipandishwa na kushushwa kwa skrubu. Ya pili ilikuwa kilengeo kimoja tu, cha duara pana, chenye shanga tano zinazong'aa zilizopangwa kutoka juu kwenda chini: mbili nyekundu, moja ya kijani, mbili za njano.

Chiriku alijaribu kwanza cha pini moja. Alinyoosha mkono, akachungulia. Pini haikuwepo! Ilikuwepo, bila shaka, lakini shabaha huko mbele ilikuwa doa tu, na pini nyembamba ilikuwa imemezwa na doa hilo. Alikirudisha haraka kama mtu aliyeshika sufuria ya moto, akanyakua kile cha shanga. Hapo angalau aliona rangi.

"Nachagua hiki, Mwalimu."

"Hicho ni cha kuwindia," alisema mwalimu. "Kila ushanga una umbali wake. Wa juu kabisa ni wa hatua ishirini, unaofuata thelathini, hivyo hivyo hadi chini. Mwindaji anazihitaji zote, kwa sababu huwezi kumuuliza swala, 'Samahani ndugu, umesimama hatua ngapi?' Sisi umbali wetu ni mmoja, hatua ishirini. Shanga nne zitakuwa za kukuchanganya bure. Kwa nini unakitaka?"

Hapo palikuwa mahali pa kusema kweli. Chiriku alifungua mdomo, na uongo ukatoka wenyewe. "Nataka nijifunze kuwinda pia, Mwalimu."

"Utawinda nini? Panya wa stoo?" mvulana mmoja aliuliza, na wote wakaangua kicheko. Chiriku alicheka kuliko wote. Mwalimu alimtazama kidogo, akakifunga kilengeo kwenye upinde wake.

Siku za kwanza mambo yalikwenda. Ushanga wa juu uling'aa kwenye jua, naye aliuweka juu ya doa na kuachia. Kwa kuwa hakuona mshale ulipoingia, alibuni mchezo. "Kobe, usiniambie kwanza. Nakisia: mduara wa pili, kushoto."

"Umekosea, ni wa tatu, kulia," Kobe alijibu bila kushuku lolote. Basi Chiriku akajua wapi pa kusogeza mkono. Aliona amepata ujanja. Kumbe ujanja huo ulikuwa unategemea macho ya mwenzake na jua la mchana.

Ijumaa ya wiki ile mwalimu alisema atachagua timu ya watu watatu. Saa kumi jioni wingu zito liliketi juu ya shule. Zamu ya Chiriku ilipofika, alivuta uzi hadi shavuni, akachungulia, akaona shanga zimefifia. Alipepesa macho. Mikono ilianza kuchoka, kwa sababu upinde ukishavutwa hausubiri mtu afikiri. Alitafuta ushanga wa juu, akauona, akauweka kwenye doa. Akaachia.

Hakusikia ule mdundo wa mshale kwenye majani. Alisikia mtu akipiga ukelele.

"Mishale chini!" mwalimu alinguruma. Pinde zote zikashushwa. Mwalimu alikimbia hadi nyuma ya ukuta wa magunia, watoto wakimfuata kwa mbali. Ng'ambo ya kamba nyekundu, kwenye bustani ya mboga ya shule, mtunza bustani alikuwa amesimama wima ameshika mpini wa toroli. Mshale ulikuwa umetoboa gurudumu la toroli, nalo lilikuwa likitoa upepo taratibu, ssss. Kutoka gurudumu hadi mguu wa mzee yule haikuwa hata shubiri mbili.

"Mwalimu," mzee alisema, "mguu huu nimeutunza miaka sitini. Leo mnataka kuutundika ukutani?"

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alimwomba radhi mara tatu, akarudi, akauchukua upinde wa Chiriku na kuukagua. Alipojaribu skrubu ya kilengeo, ikazunguka kidogo.

"Nani ana zamu ya bisibisi?"

"Mimi," Kobe alisema. "Lakini niliikaza, Mwalimu. Wallahi niliikaza."

"Mbona imelegea? Kilengeo kimecheza, mshale umepaa, nusura tumjeruhi mtu." Mwalimu hakupaza sauti, na hilo lilitisha zaidi. "Kobe, wewe nilikuwa nimekuweka kwenye timu. Sasa hutakwenda. Bisibisi ni dhamana."

Machozi yalimjaa Kobe. Chiriku alijua ukweli. Kilengeo hakikucheza hata kidogo. Kwenye giza lile la wingu shanga mbili nyekundu zilikuwa zimefifia machoni mwake, naye akauchukua ule wa kijani, wa hatua arobaini, akidhani ndio wa juu. Alijua yote hayo, na ulimi wake, ulimi ule usiojua kupumzika, uliganda mdomoni. Aliona aibu hadi masikio yakawaka.

Nyumbani alikaa karibu na bibi bila kusema kitu. Bibi alikuwa akichambua vifungo vya mama kwa vidole, vikubwa kwenye kopo hili, vidogo kwenye lile.

"Nani amekaa hapa?" bibi aliuliza.

"Mimi, bibi."

"Wewe gani? Mjukuu wangu akirudi shule namsikia tangu kwa kinyozi. Huyu aliyenyamaza simjui."

Chiriku akapasuka. Alilia, akasema yote: ubao, bango, shanga, gurudumu, machozi ya Kobe. "Bibi, nakuwa kipofu," alimaliza. "Naogopa."

Bibi aliacha vifungo. Alipapasa uso wa mjukuu wake kama anayetafuta kitu alichokiweka vibaya. "Mimi si daktari," alisema hatimaye. "Wewe pia si daktari. Kesho mwalimu wako yuko shuleni?"

"Jumamosi yupo, kuna mazoezi."

"Basi tunakwenda. Nitakushika mkono."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na tepu ya kupimia shingoni, amesikia. Hakugomba. Alisema tu, "Sindano zote zile, mwanangu, kumbe nilikuwa nakusifia mateso," akaenda kufuta machozi jikoni.

Asubuhi Chiriku na bibi walisimama mbele ya mwalimu, na ni vigumu kusema nani alikuwa amemshika nani. "Mwalimu, Kobe hana kosa," Chiriku alisema. "Mimi sioni mbali. Nilitumia ushanga wa kijani. Kilengeo kile nilikichagua ili nifiche."

Mwalimu alikaa juu ya robota. Alijipangusa uso. "Skrubu niliizungusha kwa nguvu zangu zote ndipo ikasogea," alisema polepole. "Nilikuwa na hofu, nikahukumu haraka." Akamwita Kobe mbele ya wote, akamwomba msamaha, akamrudishia nafasi yake. Kisha akamgeukia Chiriku. "Wewe hutashindana safari hii. Sikuadhibu kwa macho yako, mwanangu. Mtu asiyeona nyuma ya shabaha hawezi kurusha mshale. Na ulimwacha mwenzako abebe mzigo wako usiku mzima."

Kobe alikuwa na neno moja tu. "Kumbe ule mchezo wa kukisia!" Akamkata jicho, wakakaa siku nzima hawasemeshani. Jumapili wakasemeshana.

Jumatatu mama alimpeleka kliniki ya macho. Kwenye benchi Chiriku alihesabu vigae vya sakafu ili asifikiri. Daktari alimpima kwa taa, akampima kwa mashine, akampima kwa herufi za ukutani, na kila alipoandika kitu Chiriku alihisi anaandika hukumu. Mwisho alisema, "Huyu haoni mbali tu. Ni jambo la miwani. Ugonjwa wa bibi yake ulionieleza ni mwingine, presha ya macho, na leo sijauona kwake. Lakini kwa kuwa uko kwenye ukoo, aje kila mwaka nimwangalie. Na wewe pia, mama." Chiriku alimwomba arudie. Daktari akarudia.

Miwani ilikuwa tayari siku mbili kabla ya mashindano. Chiriku alikwenda moja kwa moja kwenye boksi, akachukua kilengeo cha pini moja, akachungulia. Pini ilikuwepo, nyembamba na nyeusi, na mbele yake miduara yote mitano. Alikiomba kiwe chake mashindano yakiisha, mwalimu akakubali.

Siku ya mashindano alibeba mishale ya timu na kumleta bibi, wakakaa upande wa watazamaji. Kazi yake ilikuwa kumwonyesha bibi kila kitu kwa mdomo, na kwa kazi hiyo hakuna aliyemfaa zaidi.

"Sasa ni Kobe, bibi. Anavuta. Bado anavuta. Bibi, kumbe akilenga huuma ulimi! Miezi yote hii sikuona! Ameachia. Mduara wa kati, bibi! Wa kati!"

Bibi alipiga makofi. Kelele zilipotulia, Chiriku aliuliza jambo alilokuwa akilizunguka tangu asubuhi. "Bibi, na wewe yalianzaje?"

"Nilianza kugonga milango," bibi alisema. "Nikasema mlango mbaya. Nikamwaga chai, nikasema kikombe kibaya. Mama yako aliniuliza, nikamwambia naona vizuri. Niliogopa kuambiwa, basi nikanyamaza miaka mitatu. Nilipokwenda, daktari aliniuliza, 'Mama, mbona umechelewa hivi? Ungekuja mapema dawa ingeyalinda macho haya.' Watu husema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi sikufa. Nimeumbuliwa na giza."

Chiriku aliushika mkono wa bibi.

"Kuogopa si kosa, mjukuu wangu. Hata mimi naogopa mambo mengi. Ila ukiogopa, mwambie mtu siku hiyohiyo, kwa sababu woga uliofichwa hauumizi mwenyewe peke yake. Wako ulikaribia mguu wa yule mzee. Ulimfikia Kobe. Wangu ulininyima uso wako tangu ulipokuwa na miaka sita."

Chiriku alivua miwani akaipangusa kwa sketi, maana ilikuwa imelowa. Aliposogea karibu, bibi alimpapasa uso tena, polepole, kuanzia paji hadi kidevuni, mikono yake ikasimama kidogo kwenye zile fremu mpya.

"Haya, vaa," bibi alisema. "Nani anarusha sasa?"

Chiriku akavaa, akatazama uwanjani, akaanza kumwambia.