Mfupa wa Shingo ya Gitaa

Jua lilikuwa linazama nyuma ya maghala ya Mbare pale Rudairo alipoingia soko la Siyaso. Gitaa alilibeba kwa mikono miwili, mbali na kifua, kama mtu anayekwenda kumwaga ndoo ya uchafu. Alikuwa amelifunga blanketi, na blanketi akalitia ndani ya mfuko wa nailoni. Wapi! Harufu ilipenya humo humo. Muuza misumari mmoja akaziba pua, akauliza kwa sauti ni nani aliyekanyaga panya.

Gitaa lenyewe lilikuwa la umeme, jekundu, limechakaa. Mdogo wake Tafirei alilinunua miezi miwili nyuma kwa mchuuzi wa mitumba ambaye hakuonekana tena. Wiki ya kwanza alilipiga mpaka majirani wakaacha sufuria motoni wakaja kusikiliza. Wiki ya tatu kidole cha kwanza cha mkono wa kushoto kikaanza kubambuka ngozi, kama kiazi kilichochemshwa. Hospitali wakakikata. Kikafuata cha pili, nacho kikakatwa. Sasa cha tatu kilikuwa kimeanza kulainika.

Mganga wa Chitungwiza waliyemwendea hakuzungusha maneno. "Chombo hiki kina wenyewe. Watafuteni muwakabidhi. Mkichelewa, kitakula mpaka begani."

Kwa hiyo Rudairo alikwenda kwa Sekuru Gwatidzo, yaani Babu Gwatidzo, fundi magitaa mzee kuliko wote pale sokoni. Gitaa ambalo yeye halijui, hakuna mwingine awezaye kukutajia ukoo wake.

"Ee, mke wangu mdogo!" mzee akacheka alipomwona, kwa utani wa babu na mjukuu. "Leo umeniletea nini? Nyama iliyochina?"

"Sekuru, sina utani leo. Nataka kujua gitaa hili la mdogo wangu limetoka wapi. Lilikuwa la nani."

Mzee alilifungua, akalilaza juu ya meza yake ya kazi. Tabasamu likapungua kidogo. Akagonga mbao kwa kucha, akasikiliza.

"Mwili huu ni wa Japani. Mbao nyepesi, rangi ya bei rahisi. Shingo si yake. Hii imetoka kwa gitaa jingine, ikachongwa kisigino, ule mwisho wake wa chini, ili ikubali kuingia." Akapitisha kitambaa juu ya nyuzi. Kitambaa kikarudi na utando mweupe, mzito, kama mafuta ya supu ya kwato iliyolala. "Mdogo wako anakula nyama huku anapiga?"

"Nyama? Tangu mwezi uliopita akiiona tu anatapika."

Mzee hakucheka tena.

Akafika juu ya shingo, pale kwenye kipande kidogo cha mfupa kinachoshikilia nyuzi zisitawanyike. Mafundi wa Siyaso huvichonga wenyewe kwa goti la ng'ombe, na wana mtindo wao wa kujua mfupa mzuri: wanaugusa kwa ulimi. Mfupa mkavu hunata. Mzee amefanya hivyo maisha yake yote, hata hafikirii.

Akainama.

"Sekuru, usi..."

Akaulamba.

Akabaki vile vile, ulimi nje, macho yametulia. Kisha akatema mate. Akatema tena. Akanyakua chupa ya maji, akasukutua, akatema chini, akajifuta ulimi kwa mkono wa shati kama mtoto aliyelishwa sabuni.

"Naijua," akanong'ona. "Ladha hii naijua."

"Ladha gani?"

"Nimeionja mara moja tu. Mteja aliniletea mfupa wake mwenyewe, ameufunga kwenye karatasi ya unga. Akasema ni wa mbuzi wa tambiko. Mbuzi! Mbuzi gani ana mfupa mwembamba hivyo? Ulimi wangu ulijua, mjukuu wangu. Lakini nilikuwa kijana, nina njaa ya kazi. Nikauchonga. Tangu siku ile kila nyama ninayotia mdomoni..." Akatema tena.

"Ni mfupa wa nini, Sekuru?"

Mzee aliinua kidole chake mwenyewe, akakitazama, akakishusha.

Rudairo alisogea nyuma hatua moja. "Mteja huyo ni nani?"

"Jina limenitoka. Lakini fundi huandika. Chini ya bamba."

Akafungua skrubu za bamba la plastiki lililofunika uso wa gitaa, moja moja. La mwisho lilipolegea, uvundo ukapanda juu mpaka machozi yakawatoka wote wawili. Ndani, kati ya nyaya, kulikuwa na bonge la nywele lililogandishwa kwa nta. Limelowa. Mzee akalitoa kwa koleo, likaacha uzi mrefu wa ute.

Chini yake kulikuwa na maandishi ya penseli.

"Soma wewe. Macho yangu yamekwisha."

Rudairo akawasha tochi ya simu. *Mfupa wa mteja. Septemba 1986. Zivai Masocha, Nharira.*

Zivai Masocha wa Nharira alikuwa baba yake mzazi.

Baba yake, mzee wa kanisa, ambaye watoto wake hawakuwahi kumwona hata akigusa ngoma! Siku Tafirei alipolileta gitaa nyumbani, baba alilitazama mara moja, akatoka, akatapika pale bombani. Alisingizia matemba, eti dagaa wale walikuwa wamechina. Na miezi miwili yote akakaa meza moja na mwanawe, akitazama vidole vikiondoka. Kimya! Mtu mwenye roho gani huyo?

"Ung'oe," Rudairo akasema. Mzee akaung'oa mfupa kwa koleo, akamfungia kwenye gazeti. Hakutaka hata asante.

Nyumbani umeme ulikuwa umekatika. Baba alikuwa mezani kwa mwanga wa mshumaa, anakula ugali wa sadza kwa matemba. Tafirei alikuwa amelala chumba cha ndani. Rudairo hakusalimu. Alifungua gazeti, akauweka mfupa ukingoni mwa sahani.

Baba hakuuliza ni kitu gani.

"Kumbe Gwatidzo bado yuko hai," akasema.

"Baba, huyu ni nani?"

Baba akausogeza mshumaa mbali na mfupa.

"Baba, nakuomba." Akapiga magoti, akapiga makofi ya heshima kama mtu anayeomba maji. "Taja jina tu. Damu ina njia yake. Tutakwenda kwa ukoo wake, tutajishusha, watapokea ng'ombe, atapumzika. Tutauza hata mabati ya nyumba. Tafi amebaki na vidole vitatu mkono wa kushoto, baba, na kimoja kinaoza!"

"Hakuna pa kwenda."

"Kila mtu ana ukoo wake!"

"Ndiyo." Baba akaishika ndonge ya sadza, akaiviringa taratibu. "Alipiga kuliko mimi. Tangu utotoni. Niliambiwa nikitia kidole chake pale nyuzi zinapopita, vyangu vitajifunza. Na vilijifunza, miaka miwili. Kisha nyuzi zikaanza kunuka, nikaliuza mbali. Mbali sana. Sijui limerudije." Akaibonyeza ndonge kwa dole gumba. "Hata mama yetu alikuwa akimwita yeye kwanza."

Mama yao?

Baba mkubwa Tichafa. Yule aliyefia machimboni Joni, nchi jirani, walivyoambiwa. Yule ambaye kaburi lake hakuna aliyeliona. Kila Krismasi baba alimwombea kwa jina, na wote wakaitikia amina.

"Ng'ombe utawatoa zizi letu, uwapeleke zizi letu," baba akasema. "Nani atawapokea? Mimi?"

Halafu, jamani, akachovya ile ndonge kwenye mchuzi, akala. Akalamba vidole, kimoja kimoja.

Kutoka chumbani Tafirei akaita, sauti imechoka. "Dada? Umewapata wenyewe?"

"Nimewapata."

"Wako tayari kupokea?"

Rudairo aliitazama mikono ya baba yake. Vidole vyote kumi vilikuwa vizima, vimenona, vinang'aa mafuta mbele ya mshumaa. Hata ukucha mmoja haukuwa na doa. Alivitazama kwa muda mrefu, akavihesabu moyoni, akavihesabu tena.

"Subiri kidogo, Tafi. Bado tunazungumza."

Akainuka, akaufunga mlango wa chumba cha mdogo wake. Aliporudi mezani, baba alikuwa ameacha kula. Mikono yake alikuwa ameificha chini ya meza.