Barua ya Mkono

Mpaka leo Amne hajui barua ile ilitokaje ndani ya sanduku. Lilikuwa sanduku la chuma la zamani, limekazwa sakafuni mwa makumbusho ya posta, kijilango chake kimechomelewa. Jumamosi aliitumbukiza mwenyewe ili aachane nayo, wakati mumewe Yassir na binti yao Alma wakitazama sare za matarishi chumba cha pili. Jumatatu aliikuta juu ya zulia la mlangoni kwake, mtaa wa Farsta, huku ughaibuni. Ilinuka ubani.

Alipiga simu makumbusho.

"Sanduku lile halifunguki," mhudumu alimweleza kwa upole unaochosha. "Ni la maonyesho tu. Ungependa kuja tena?"

Aliichana, ikarudi nzima. Aliiacha kitini kwenye treni; ikamtangulia nyumbani. "Wewe karatasi unanitakia nini?" aliifokea, nusura alie.

Alijua inachotaka. Miaka tisa nyuma, akiondoka Tanga, Saada, shoga yake, alimkabidhi barua hiyo ampelekee mchumba wake, Yassir, aliyetangulia huku. Bahasha ilikuwa wazi, maana barua ya mkono haigundishwi. Kuigundisha ni kumtusi mchukuzi. Amne hakuisoma hata neno. Ila alipomwona Yassir alimpenda, akaifukia chini kabisa ndani ya sanduku la nguo. Mwaka uliofuata Saada alifariki.

Jumanne, saa tisa alasiri, giza la Januari la nchi za baridi limeshaanza kutanda, kifuniko cha tundu la barua mlangoni kiliinuka polepole, kikabaki juu bila mkono wa kukishika, ubani ukapenya, na sauti ya kike, karibu na sakafu kana kwamba mwenyewe amelala kifudifudi nje ya mlango, ikasema hodi, ikangoja, ikasema tena hodi.

"Mama, nimjibu?" Alma alinong'ona.

Amne alimziba mdomo.

Kesho yake alikwenda mtaa wa Fittja kwa Maalimu Idrisa, akamweleza yote.

"Msomee aondoke, Maalimu. Nimechoka."

"Huyo ni tarishi, binti yangu. Tarishi hafukuzwi, humaliza kazi. Kabla barua haijafika, asiitikiwe na mtu."

"Basi mpelekee wewe. Au niitume kwa posta."

"Amana ilitiwa mkono gani?"

Amne alitazama viganja vyake.

"Yassir akinitoka?"

Maalimu hakumhukumu, wala hakumdanganya. "Huenda."

Likakatwa shauri hivyo: mkono uliopokea ndio utakaofikisha. Alhamisi Yassir alirudi mapema kutoka kazini, akakaa jikoni kuvua viatu. Amne akaiweka kiganjani mwake.

"Ya kwako. Nilipewa Tanga, kabla hujanioa."

Aliisoma mpaka mwisho, akairudia. Akaikunja taratibu, asimtazame Amne.

Kifuniko kikainuka mlangoni.

"Hodi."

Amne alimkumbatia Alma, akamziba mdomo, akauma wake. Hawakuitikia.

Aliyeitikia ni Yassir. Sauti ile aliijua: ya Saada.

"Karibu," alisema, akaenda kufungua.