Jiwe Linalonyonya

"Mtoto ni wetu. Mwenye maziwa aende na maziwa yake!"

Hayo ndiyo maneno, mwanangu, wala sijatia chumvi. Dada yangu aliyasema mlangoni kwake mchana kweupe, mkono mmoja kiunoni, mwingine umembeba mjukuu. Jioni ile akaja kunisimulia mwenyewe, kama mtu aliyeshinda vita. Tulimwita Bi Kauli, maana kwake neno la mwisho lilikuwa lake, na la kwanza pia. Nikamwambia, "Dada, mtoto hata jino hajaota. Utamnyonyesha wewe?" Akanijibu, "Kwani mimi sikulea? Na wewe ukinyamaza utapungukiwa nini?" Nikammiminia chai. Mkono usioweza kuukata, ubusu.

Aliyefukuzwa ni mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee. Kosa lake? Jiwe.

Mwana huyo alikuwa mchoma chokaa. Tanuru lake lilikuwa chini ya kilima. Anavunja mawe, anayachoma mpaka yanameguka kama mkate mkavu, kisha anayamwagia maji, yanachemka yenyewe bila moto. Ndiyo chokaa hiyo. Siku moja akarudi kutoka kazini uso umemchangamka. Nyundo yake ilikuwa imetoboa mwamba, na nyuma ya mwamba kuna pango. Akakaa uani, sahani mapajani, anawasimulia mama yake na mkewe. Mle ndani mawe yananing'inia kama viwele vya ng'ombe. Mengine yameota kutoka chini kama mishumaa. Kuna vidimbwi kama vikombe, na ndani yake vijiwe vyeupe vya mviringo, utadhani mayai ya mjusi. Na kwenye kona moja kuna mawe membamba kama nywele, hayashuki wala hayapandi. Yanakwenda ubavu. Yanajipinda kama mizizi inayotafuta kitu.

"Jiwe safi namna ile sijapata kuona," akasema. "Nikilichoma, chokaa yake itakuwa kama maziwa."

Mkewe alikuwa ananyonyesha. Akainua kichwa. Baba yake naye alikuwa mchoma chokaa.

"Lina maji?"

"Linadondosha. Ndo, ndo, ndo."

"Basi usiliguse. Baba alikuwa anasema, mvua inapenya kilimani, inalamba jiwe njia nzima. Ikifika pangoni, tone linaning'inia kwenye ncha, na kile ilichokilamba kinabaki pale. Ngozi juu ya ngozi, mpaka linakuwa jiwe. Jiwe lenye tone kwenye ncha bado linanyonya. Halichomwi. Choma la nje, lililokauka."

Bi Kauli akacheka mpaka akashika mbavu. "Jamani! Nimemwozesha mwanangu mke, au mkunga wa mawe?"

"Mama, sisemi kwa ubaya."

"Unamfundisha mumeo kazi mbele ya mama yake! Leo mawe, kesho utanifundisha mimi kupumua!"

Basi pakawaka. Neno dogo likazaa neno kubwa, na mwanamume yule ulimi wake akauweka mfukoni. Mawe ya pangoni yakavunjwa, yakachomwa, chokaa ikazimwa kwa maji ndani ya pipa pale uani ili nyumba ipakwe upya. Na siku ya kupaka ndiyo mkwe alitolewa nje na kifurushi chake.

Akasimama karibu na pipa. Saa ya kunyonyesha ilishapita, gauni lake limelowa kifuani. Mtoto keshalazwa ndani, analia. Hakupiga kelele. Hakutukana. Aliinama juu ya pipa, akajikamua, upande huu na upande ule, yote ndani ya chokaa. Kisha akanong'ona, "Siendi nayo. Namwachia mwanangu."

"Kamua, kamua!" Bi Kauli akamwambia. "Chokaa itazidi kung'aa."

Fundi akachovya brashi, akaanza na chumba cha mtoto.

Nyumba iling'aa kweli. Lakini mtoto alilia. Maziwa ya ng'ombe alitema, uji akatema, mpaka sauti ikamkauka. Halafu siku moja akanyamaza. Akaanza kunenepa. Dada yangu akawa anapita nyumba kwa nyumba: "Si mlisema atakufa? Njooni muone mashavu!" Ila, na hili aliniambia baadaye kwa kunong'ona, bakuli la uji lilikuwa linarudi jikoni limejaa vilevile.

Adhuhuri moja alikuwa anaanua nguo nje ya dirisha la chumba kile. Akasikia. Chwa. Chwa. Chwa.

Akachungulia. Mtoto amelala ubavu, uso ukutani. Ukuta unatoka jasho. Kwenye lile jasho umeota mrija mweupe, mwembamba kama unyasi, una tundu katikati. Haukuning'inia. Umekuja ubavu, ukavuka ukingo wa kitanda, ukajipinda. Ncha yake iko mdomoni mwa mtoto.

Na koo la mtoto linameza.

Akaingia mbio, akamvuta. Mrija ukakatika, ti! Mtoto akafungua mdomo, kilio hakikutoka. Chozi moja likashuka mpaka katikati ya shavu. Likasimama. Likakauka, jeupe. Akalifuta kwa pindo la nguo yake. Halikufutika.

Akachukua nyundo ya mwanawe, akavunja kila kilichoota, akakwangua, akasogeza kitanda upande wa pili. Kesho yake vyote vimeota tena. Vimepinda kuelekea kitanda kilipo. Akamhamishia mtoto jikoni, ambako chokaa haikufika. Huko mtoto akakataa kila kitu. Akanyauka. Macho yakaingia ndani. Shingo ikawa haisimami.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo panaponichoma. Mama wa mtoto alikuwa kwao, wala si mbali, ni kutuma mtu tu. Baba wa mtoto akanong'ona, "Mama, tumwite?" Mimi nikamwambia, "Dada, mwite, uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Dada yangu alikaa kwenye kigoda, mtoto mapajani, anamtazama anavyozimika. Alikaa sana. Kisha akainuka. Akambeba. Akamrudisha kwenye chumba kile. Akamlaza, uso ukutani, akakisukuma kitanda mpaka kikagusa ukuta. Akafunga mlango.

"Heri ukuta," aliniambia. "Ukuta hautanicheka."

Mtoto akanenepa tena. Lakini ule haukuwa unene wa nyama. Leo anabebwa kwa mkono mmoja, kesho kwa miwili, keshokutwa kitanda kinalalamika. Mashavu baridi. Ukimgusa, unyevu, kama mtungi. Vidole vya miguu vikaanza kushikana, katikati yake utando mweupe. Siku Bi Kauli aliposhindwa hata kumgeuza, ndipo mwanawe alipoupata ulimi wake. Na wala hakuutumia kwa mama yake. Aliacha tanuru linawaka, akaenda kumwita mkewe.

Mkwe akaja. Kifua chake kilikuwa kimeshakauka. Mtoto alimsikia, akageuza macho kidogo. Kisha akayarudisha ukutani.

Nilikuwa mlangoni, mimi nikalia. Yeye hakulia. Aliikata ile mirija kwa meno. Ndiyo, kwa meno. Akajibana kati ya kitanda na ukuta, mgongo ukutani, akamkumbatia mwanawe, akatulia hivyo. Nyuma yake tukasikia vitu vidogo vinakwaruza nguo. Kwaru. Kwaru. Vinatafuta pa kupita. Hakusogea. Jua likazama, jua likachomoza. Mtoto aliponyong'onyea kabisa, akashika ziwa lile kavu. Akavuta. Akavuta. Akavuta.

Likaja tone.

Bi Kauli akasema, "Umemroga mjukuu wangu."

Mkwe akamjibu polepole, hata hakumtazama. "Mimi nilimwachia chakula tu, mama. Aliyemlaza hapo ni nani?"

Dada yangu, mwenye neno la mwisho, akageuka akaenda zake jikoni.

Waliondoka wote watatu, mume, mke na mtoto, wala hawakugeuka nyuma. Gauni la mkwe mgongoni lilikuwa limetoboka matundu madogo madogo, kama limeliwa na mende, na kila tundu lina duara jeupe.

Bi Kauli akabaki peke yake. Kuomba radhi? Hakuomba. Nilimtuma mtu amwambie aende kwa mkwe, akamrudisha na matusi yangu na yake. Wiki aliyokufa hakuonekana nje, tukauvunja mlango. Tulimkuta kwenye chumba kile, juu ya kitanda cha mtoto, amejikunja, uso ukutani, mdomo wazi. Ukuta mkavu kabisa. Haukumwotea chochote.

Mtoto alikua, mzima, mrefu, mchapakazi. Ila machozi yake hayafutiki. Akilia, mama yake hukaa naye akimkwangua taratibu kwa ukucha, na asubuhi kwenye mto hubaki punje. Alinipa moja, ndogo kama ya mchele, nikaifunga kwenye kitambaa nikaiweka chini ya nguo zangu sandukuni, mahali hapajawahi kuingia tone la maji. Juzi nimeifungua. Imekuwa kubwa kama haragwe.

Sijui inanyonya nini.

Sasa nasikia kijana yule anaoa, na wewe watu wa binti unawajua. Habari za ukuta usiwaambie, watasema bibi kachanganyikiwa. Wafikishie neno moja tu, na wao waambizane: wasimlize.