Gunia la Korongo

Mvua ilikamata soko la Kadutu saa nne asubuhi. Matope mekundu yalishuka kwenye ngazi za mlima, na kila mtu akakimbilia turubai lililokuwa karibu naye. Gentil aliingia chini ya turubai la bluu. Hapo alisimama msichana aliyevaa kitenge cha njano chenye maua meusi, mikono yake myeupe kwa unga hadi viwikoni.

"Unakanyaga maharagi yangu," alisema.

"Pardon, maman."

"Maman ya nani? Niko na miaka makumi mbili na mbili."

"Pardon basi, mademoiselle."

"Toa muguu kwanza. Pardon itafuata."

Gentil alitoa mguu. Msichana alicheka, meno yake ya mbele yameachana kidogo, na kabla Gentil hajafikiri alikuwa ameshainua simu na kumpiga picha.

"Unanipiga photo? Utalipa nini?"

"Nitakuoa."

"Na ng'ombe ya mahari iko wapi?"

"Naanza kuitafuta leo."

Aliitwa Ornella. Aliuza unga wa muhogo na maharagi pamoja na mama yake, Maman Nsimire. Mvua ilipokatika, Gentil aliondoka na namba yake ya simu.

Hakumwambia kwa nini alikuwa na simu mkononi. Alikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya kilimo, na juma lile wanafunzi walikuwa wameapa kuususa unga wa kiwanda cha Korongo. Mwenye kiwanda, ilisemekana, alikuwa ametoa magari na chakula kwa chama chenye watu wa bunduki. Hakuna mwanafunzi ambaye angeula tena. Kisha baadhi yao walitaka zaidi: orodha ya wanaouuza. Gentil alitumwa Kadutu kupiga picha. Mvua ilipoanza alikuwa amepiga meza kumi na tatu. Picha ya Ornella ilikuwa ya kumi na nne, na hiyo aliipiga kwa ajili yake mwenyewe.

Majuma mawili walipigiana simu kila mchana.

"Chéri, umekula?"

"Maharagi tu."

"Bila fufu? Unakula kama mugonjwa!"

"Tumesusa unga, unajua."

"Muhogo ya Nyangezi haina chama. Kuja ule."

Alikwenda, akala fufu, ugali wa muhogo. Maman Nsimire alimtazama akimega tonge, akasema, "Anakula vizuri. Mikono njo laini sana."

"Itakomaa, maman."

"Tutaona."

Kila mara aliketi kando ya gunia lile lile, na kila mara hakuliona. Lilikuwa na picha ya korongo mwenye taji jekundu, alama ya kiwanda. Hakuna anayeyatazama magunia Kadutu. Unga wa kiwanda ukiisha, gunia huoshwa, huanikwa juu ya mabati, huenda Nyangezi kurudi na muhogo, halafu hubeba makala, mkaa wa kupikia, na mwisho huzibia tundu la ukuta. Korongo hubaki amesimama mpaka mwisho.

Siku ya Ijumaa, Elysée, rafiki yake aliyetunza orodha, alimpigia simu.

"Tuma photo zote. Sasa hivi. Réseau ya simu inakatika."

"Nichague kwanza."

"Hakuna kuchagua! Batu banangoja."

Batri ya Gentil ilikuwa imebaki kidogo sana. Aligusa picha zote za siku ile ya mvua, akazituma kwa mkupuo. Simu ikazimika.

Jumamosi orodha ilikuwa kwenye simu za mji mzima. HAWA NJO BANALISHA BAUAJI, iliandikwa juu, yaani hawa ndio wanaowalisha wauaji, na chini zikafuata picha zenye namba. Namba kumi na nne alikuwa Ornella anacheka, na nyuma ya bega lake gunia lenye korongo.

Jumatatu Ornella na mama yake walikuta msalaba wa makala umechorwa kwenye mbao za meza yao. Wateja walipita wakitazama miguu yao. Jumanne mchana kweupe meza ya Papa Aloys, namba tisa kwenye orodha, iliungua yote. Mzee alikaa kwenye ngazi, mizani iliyoungua mapajani, na hakuna aliyethubutu kuketi karibu naye.

Ornella alipiga simu.

"Ile photo. Ni weye ulinipiga."

"Chérie, sikiliza—"

"Usiniite chérie! Umekula kwetu mara saba. Ulikuwa unakula ao ulikuwa unachunguza magunia?"

"Nilituma zote pamoja. Batri ilikuwa inaisha."

"Batri? Sisi tuungue juu ya batri?"

Akakata.

Gentil alimfuata Elysée. "Ondoa namba kumi na nne. Ile ni muhogo."

"Nitaondoa wapi? Iko kwa simu ya kila mutu." Elysée alishusha sauti. "Na funga kinywa. Kuna gari nyeusi bila plaque ya namba inazunguka. Watu ya chama wanauliza nani alipiga photo. Ukinyamaza, watachoka."

Akinyamaza, yeye angepona. Ila meza ya Ornella ingeungua, na labda Ornella na mama yake pamoja nayo.

Jumatano soko lilijaa. Majirani walikuwa wamezunguka turubai la bluu. "Ondoeni vitu vyenu," walimwambia Maman Nsimire. "Moto yenu itatuchoma na sisi." Gentil alipenya katikati yao, amevaa shati jeupe la mitihani. Hakumsalimu mtu. Alibeba lile gunia la korongo kwa mikono miwili, akalimwaga juu ya turubai la maharagi mbele ya wote.

"Ni miye Gentil! Miye njo nilipiga photo zile! Angalieni. Gunia ni ya Korongo, unga ni muhogo ya Nyangezi. Ninyi, makala yenu iko ndani ya gunia gani?"

Muuza makala mmoja alitazama gunia lake mwenyewe, akamwona korongo. Jirani yake naye akatazama lake. Mmoja alicheka kwa aibu. Muuza makala akasogea, akaufuta msalaba kwa ncha ya kitenge chake.

Nyuma yao mwanaume mwenye koti la ngozi alikuwa ameinua simu, anarekodi.

"Jina tena?" aliuliza kwa upole. "Sikusikia vizuri."

Maman Nsimire alisikia vizuri. "Ornella, pindua hiyo gunia. Tia unga kidogo. Huyu aende kwa kaka yangu Nyangezi. Mupitie nyuma, kwenye mufereji."

"Maman, sijaomba pardon," alisema Gentil.

"Utaomba ukiwa muzima. Toka!"

Kwenye mfereji Ornella alimshika mkono wa shati. Unga uliacha vidole vitano kwenye kitambaa.

"Mujinga wee. Kwa nini ulisema jina?"

"Wangesema lako." Alikohoa. "Ile ng'ombe. Naitafuta kweli. Unakubali?"

"Unaniposa ndani ya maji chafu?"

"Njo nafasi iliyoko."

Mwisho wa mfereji dereva wa pikipiki ya kwenda Nyangezi alipiga honi. Ornella alimpa gunia, korongo amefichwa ndani.

"Kila siku saa sita unibipe mara moja, ukate. Nitajua uko muzima. Jibu nitakupa kiisha."

Kesho yake saa sita ilifika, simu haikulia. Ilipopita dakika kumi, mwenye koti la ngozi alikuja na mwenzake, wakasimama mbele ya meza. Walishika unga, wakaunusa. Waliuliza juu ya kijana wa shati jeupe. Maman Nsimire alisema wateja ni wengi.

Saa sita na dakika ishirini simu ililia mara moja, ikanyamaza.

"Nani huyo?" aliuliza mwenye koti.

"Fiancé wangu," alisema Ornella. "Hana unité ya kupiga."

"Yeye iko wapi?"

"Alienda kutafuta ng'ombe."

Mwanaume alitabasamu. Alifuta unga vidoleni, polepole, kimoja kimoja. "Félicitations kwa uchumba. Tutakuja kwa harusi."

"Karibuni," alisema Ornella, akaendelea kuchota unga. Walipofika mwisho wa ngazi, aliifunga simu kwenye ncha ya kitenge chake.