Nilimpokonya Simu Gizani, Mtandao Ukanipigia Makofi

Watu milioni mbili wameniona nikimpokonya baba wa watu simu na kuitupa majini.

Milioni mbili! Na wengi wao walinipigia makofi...

Kama uliwahi kuiona video ya bibi mwenye koti la njano ndani ya boti ya gizani, ulikuwa unanitazama mimi. Huenda hata uliniwekea kopa. Leo naomba utulie unisikilize, kwa sababu video ile ilikatwa. Na aliyeikata ndiye mtu pekee niliyekuwa namwita rafiki.

Naitwa Verna Stallings. Nina miaka sitini na minne, naishi Kissimmee, Florida, peke yangu. Nilikuwa mpishi wa shule ya msingi kwa miaka ishirini na sita. Mume wangu Royce alifariki miaka mitatu iliyopita. Mwanangu Lyle yuko Oregon, upande wa pili wa nchi, na simu zake zilikuwa za sikukuu hadi sikukuu.

Tulipostaafu, mimi na Royce tulikuwa tunakwenda bustani ya burudani kila Jumanne. Wazee wenzetu walikuwa wanacheza bingo, sisi tunapanda boti. Moja tu, ya taratibu, inayopita ndani ya jengo lenye giza. Inaitwa Mto wa Vimulimuli. Unapita kinamasi cha kutengeneza, mamba wa plastiki, mzee wa mbao anayepiga banjo, halafu mwisho kabisa giza totoro... na vimulimuli vinawaka. Maelfu, juu, pembeni, hadi ndani ya maji.

Sekunde arobaini tu.

Pale Royce alikuwa hasemi kitu. Alikuwa ananishika kidole kimoja, hiki cha mwisho.

Alipoondoka niliendelea kwenda. Najua watu walidhani nimechanganyikiwa. Lakini nyumbani kila kitu kilikuwa kinanionyesha pengo lake. Kikombe chake. Upande wake wa kitanda. Mle gizani, kwa zile sekunde arobaini, kiti cha kando yangu hakikuonekana kwamba ni kitupu.

Umenielewa?

Basi ongeza na hili. Mwaka jana daktari aliniambia macho yangu yanakufa. Ni ugonjwa wa ukoo, hauna dawa. Unaanza kukunyima usiku, unakuja kula pembeni, mwisho unabaki unachungulia dunia kama kwenye tundu la ufunguo. Akasema gizani macho yangu yatachukua muda mrefu kuzoea, na mwanga wa ghafla utayafuta kabisa kwa dakika kadhaa.

Kwa hiyo kila Jumanne nilikuwa najiuliza kama ndiyo ya mwisho ya kuviona vile vimulimuli.

Na kila Jumanne, jamani... flashi!

Sijui ni ugonjwa gani huu. Mtu anaambiwa kwa kipaza sauti kabla boti haijaondoka, zimeni mwanga wa kamera, tafadhali. Anaitikia kwa kichwa. Boti ikiingia tu gizani, pwaa! Anapiga picha ya giza kwa mwanga! Anachopata ni ukuta uliopakwa rangi nyeusi na nyaya. Na mimi ninachopata ni weupe mtupu, na kabla weupe haujanijaa, kile kiti kitupu kinawaka mbele ya macho yangu kama mchana.

Nilijaribu kila njia. Nilikwenda asubuhi geti linapofunguliwa tu. Nilivaa kofia pana. Niliomba kiti cha mbele ili mwanga unijie kwa nyuma. Niliwalalamikia vijana wa pale mlangoni, wakanipa pole, wakasema hawawezi kusimamisha boti kwa kila picha. Boti husimamishwa tu mtu akisimama au akianguka.

Niliwaomba wenyewe pia, kwa adabu. Wengine walizima. Mmoja, mwanaume wa makamo mwenye shati la maua, alinigeukia mbele ya watoto wake.

"Bibi, kama hupendi mwanga si ungebaki nyumbani na mapazia yako?"

Boti nzima ikacheka. Nilicheka nao. Unafanyaje?

Ni siku hiyo ndipo nilipokutana na Corinne.

Corinne Babcock, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mcheshi, nywele nyekundu za dukani. Alikuwa nyuma yangu kwenye boti, akanifuata nje, akaniambia yule bwana ni mshamba. Tukakaa kwenye benchi tukala paja la bata mzinga, moja kwa wawili. Alikuwa anatengeneza video za bustani na kuzirusha mtandaoni, ana wafuasi kama mia tatu. Tangu hapo tukawa tunakutana kila Jumanne. Alinipigia simu nilipougua mafua. Alijua siku ya kuzaliwa kwangu. Nilimweleza habari ya macho kabla hata sijamweleza Lyle.

Ukishakaa peke yako muda mrefu, mtu akikuuliza tu umelalaje, unaweza kumpa ufunguo wa nyumba.

Nilimpa kweli.

Sasa siku yenyewe. Jumanne, saa nne asubuhi, mvua nyepesi nje. Mimi niko safu ya tatu, peke yangu. Corinne nyuma yangu, anapenda nyuma kwa ajili ya video zake, na ninamshukuru hajawahi kuwasha mwanga. Mbele yangu kuna mwanaume mpana wa mabega na binti yake, mdogo, kama miaka saba.

Tukaingia gizani. Mwanga wa simu ukawaka mbele. Ukazima. Ukawaka tena.

Nikasema, "Samahani, kaka, naomba uzime."

Hata shingo haikugeuka.

Tukampita mamba, mwanga. Tukampita mzee wa banjo, mwanga. Nikasema mara ya pili, kwa sauti zaidi. Nikamwambia macho yangu yanaumwa. Hakujibu. Nyuma yangu Corinne akaninong'oneza, "Huyo anakudharau, shosti. Mwambie tena."

Sikujua kwamba alikuwa ameshaanza kurekodi.

Mara ya tatu nilimsihi. Tulikuwa tunakata ile kona ya mwisho. Nilimwambia tafadhali, hapa tu, sekunde arobaini tu, kisha uwashe upendavyo.

Vimulimuli vikaanza kuwaka... viwili, vitatu...

Na yeye akawasha ule mwanga. Nikaona weupe, na kiti cha Royce.

Sijui nilisimamaje. Nilinyoosha mkono juu ya bega lake nikaipokonya ile simu nikairusha. Nikasikia chubwi! Halafu giza. Halafu yule mtoto akalia, sauti nzito ya ajabu, kama inayotoka tumboni bila kupita mdomoni.

Boti ikasimama. Taa zote za jengo zikawashwa, nami nikawa kipofu kabisa. Nilichoambulia ni kivuli cha yule mwanaume kinapunga mikono usoni kwangu. Nikajua anataka kunipiga. Nikajikunyata. Vijana wa pale wakaja wakanishika mkono wakanitoa.

Kufika jioni, video ilikuwa kila mahali.

Corinne aliiandikia hivi: Bibi anayepofuka amfunza adabu mpuuzi wa flashi. Ilikuwa na sekunde thelathini na moja. Ilianza mwanga ukiwaka, ikaishia yule mwanaume akinipungia mikono.

Wadau, mlinipenda! Mliniita shujaa. Mlinichora. Mama mmoja wa mbali huko aliniandikia kwamba ananiombea macho. Lyle alinipigia simu, tukaongea saa nzima, tulikuwa hatujaongea hivyo tangu mazishi. Corinne alifikisha wafuasi elfu tisini.

Na yule mwanaume mlimtafuta mpaka mkampata. Mkaandika jina lake, Wendell Brasher. Mkaandika karakana anayochomelea vyuma. Mkamtukana yeye, mkamtukana na mtoto.

Mimi nilisoma. Sikuwazuia. Nilikuwa nimekaa mezani peke yangu, supu imepoa, simu inalia kila sekunde kwa watu wanaonipenda, na mlango wangu haukugongwa hata na mtu mmoja. Lakini nilishiba. Naomba Mungu anisamehe, nilishiba.

Siku ya tisa bustani wakaniita ofisini. Nilikwenda kifua mbele, nikiwa na maneno yangu tayari.

Mama wa ofisi, Bi Quiñones, hakubishana nami. Alinigeuzia kompyuta yake akaniambia mle ndani kuna kamera zinazoona gizani, na kwamba kabla hajaniambia uamuzi wao anataka nitazame mwanzo hadi mwisho.

Nikajiona. Kijivu, mdomo unafunguka nyuma ya kisogo cha mtu.

Nikamwona na yeye. Simu ameibana kati ya magoti, mwanga unaangalia juu. Hapigi picha. Mwanga ukiwaka, mikono yake inakwenda, vidole vinakunjwa, vinafunguka, vinagusa kidevu. Mikono midogo inamjibu. Mwanga unazimwa, wanatazama. Mtoto anamvuta shati, mwanga unawaka tena, mikono inaongea tena.

Nikauliza anafanya nini, ingawa tayari nilikuwa nimeelewa.

Bi Quiñones akasema, "Ni kiziwi, mama. Yeye na mtoto wote wawili. Mtoto alikuwa anaogopa giza. Baba aliandika kwenye karatasi pale mlangoni akaomba awashe mwanga kidogo akitaka kusema naye, vijana wakamruhusu. Wewe hawakukuambia. Hilo ni kosa letu."

Hakunisikia mara zote tatu. Hakusikia hata kipaza sauti.

Video ikaendelea. Simu ikaanguka, giza likarudi, na kamera ikaonyesha kile ambacho sikukiona siku ile. Yule mtoto alikuwa anapapasa. Anapapasa hewa, anapapasa kiti, mpaka akaupata uso wa baba yake, akaushika kwa mikono yote miwili. Hakuwa na njia nyingine ya kujua kwamba baba bado yupo.

Taa zilipowashwa, baba alinigeukia. Ile mikono niliyodhani ya kunipiga... Bi Quiñones alisema waliita mtu wa kutafsiri. Yule baba alikuwa ananiuliza, "Kuna nini? Umeumia?"

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Corinne. Kumbuka alikuwa amekaa nyuma yangu, na simu yake ilikuwa juu ya bega langu.

Nilimwuliza kama aliona ile mikono.

Akaiweka simu yake chini. Kisha akasema, "Niliona nilipokuwa naikata, jioni ile ile."

"Ukanyamaza?"

"Verna, ukiweka yote, nani angeitazama? Na wewe ulikuwa na furaha. Mara ya mwisho kukuona na furaha ni lini?"

Ndilo lililoniuma zaidi, kwamba alikuwa amesema kweli. Nikamwomba ufunguo wangu. Akanipa. Hatujaongea tena.

Usiku huo huo nikajirekodi nikasema ukweli wote. Wengi wenu mnakumbuka mlichoniandikia. Waliokuwa wananiombea macho wakaniambia nipofuke haraka. Lyle alituma ujumbe mfupi kwamba wafanyakazi wenzake wanamuuliza maswali. Bustani wakanifungia mwaka mzima, na kwa mwendo wa macho yangu, mwaka mzima ni milele.

Nilikubali. Nikamwandikia Wendell barua kupitia ofisi. Sikujitetea.

Zilipita wiki tano. Jibu lilikuwa na mistari miwili: "Wameniambia ulinisemesha mara tatu. Ulikuwa unasema nini?"

Nililia kwenye ngazi pale pale, bahasha mkononi. Katika mamilioni yote yale, ndiye aliyeuliza.

Nikamjibu. Wiki iliyofuata tukakutana kwenye mgahawa wa pembeni ya barabara, adhuhuri, meza ya dirishani. Yeye anahitaji mwanga aongee, mimi nauhitaji nione. Tuliandikiana kwenye daftari. Aliniambia karakana ilimpa likizo ya lazima mpaka kelele zipungue. Aliniambia Tansy, binti yake, sasa halali bila taa. Hakuandika kwamba amenisamehe, na mimi sikuuliza.

Nilikuwa nimejifunza ishara moja tu, ya kuomba radhi. Ngumi kifuani, unaizungusha. Nikamfanyia Tansy.

Alinitazama muda mrefu, chapati zake za maziwa zinapoa. Kisha akanyoosha mkono juu ya meza, akaushika mkono wangu, akanirekebisha kidole gumba. Nilikuwa nimekifungia ndani.

Nikaifanya upya. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kula.

Sijawaona tena. Jumanne zangu sasa ni za nyumbani, na pembeni mwa macho yangu kumeshaanza kumezwa na giza.

Wewe unayewasha flashi gizani kwa picha ambayo hutaitazama tena, zima. Hujui unamfuta nani.

Na wewe mwenye haki kama niliyokuwa nayo mimi, nakuomba neno moja tu. Mimi nilisema mara tatu nyuma ya kisogo cha mtu, na niliposhindwa nikanyoosha mkono juu ya bega lake kwenda kupokonya.

Mkono ulipita juu ya bega, wapendwa. Ningeligusa tu, angegeuka.